Sarafu ya mizani kutoka Kibokoni: ni ya Kilwa, ya Unguja au ya Mombasa?

SWALI

Asalaam aleikum, Mwalimu. Baba yangu ni fundi mwashi. Mwezi uliopita walikuwa wakichimba msingi wa ukuta katika nyumba ya zamani huku Kibokoni, Mji wa Kale, sururu yake ikagonga kitu. Kumbe ni sarafu. Ni ya duara, haina tundu, imejaa kutu ya kijani, na pale pasipo na kutu imesagika hadi imekuwa laini kama kipande cha sabuni. Nimeipeleka kwa sonara akanipimia: gramu 6.1. Upana wake ni milimita 25. Sumaku haiishiki. Upande mmoja naona kitu kama herufi T kubwa yenye vibakuli viwili vinavyoning'inia, na chini yake alama nne hivi. Upande wa pili kuna mistari mistari kama Kiarabu.

Jirani yetu mmoja anayenunua vitu vya kale anasema ni sarafu ya Kilwa ya miaka 700 iliyopita, na yuko tayari kuichukua. Mimi niliitia kwenye maji ya ndimu usiku mmoja ili isomeke. Ikatoka rangi ya waridi sehemu fulani, lakini baada ya wiki ikaanza kutoa unga wa kijani mpauko. Nikiufuta, unarudi. Shangazi anasema niipake mafuta ya nazi. Nimekuletea picha nne. Ni sarafu gani, na huo unga niufanyeje?

JIBU

Waalaikum salaam, binti yangu. Nianze na unga, kwa sababu jina la sarafu linaweza kungoja wiki mbili lakini unga haungoji.

Hiyo ni maradhi, na sisi tunaoshughulika na vitu vya madini vya kale tunaiita ugonjwa wa shaba. Udongo wa Mji wa Kale umeshiba chumvi ya bahari. Sarafu ya shaba ikikaa humo miaka mingi, chumvi huingia ndani ya kutu na kutulia chini kabisa, pale kutu inapokutana na shaba yenyewe. Ikiwa imefunikwa vizuri, inaweza kulala hivyo kwa muda mrefu bila madhara. Wewe ulipotia ndimu uliufungua mlango. Unyevu na hewa vikaingia, vikakutana na ile kloridi ya shaba, ukatokea huo unga wa kijani mpauko pamoja na asidi kidogo. Asidi hiyo inaila shaba iliyo jirani, inatengeneza kloridi nyingine, na mchezo unaanza upya. Ndiyo maana ukifuta, unarudi: unachofuta ni majani, mzizi uko chini. Na hewa yetu ya Mombasa, ambayo unyevu wake mara nyingi hupita asilimia 70, inaulisha mzizi huo mchana na usiku.

Hakikisha kwanza kwamba ndio wenyewe. Chukua kijiti cha meno, gusa pale kwenye kijani. Kutu tulivu ni ngumu, imeshikamana, rangi yake ni kijani iliyoiva au kahawia, na kijiti hakitoi kitu. Kutu ya ugonjwa hutoka kama unga wa chokaa na kuacha kishimo. Katika picha yako ya pili naona vishimo vitatu vya namna hiyo karibu na ukingo, kwa hiyo sina shaka sana. Nawa mikono baada ya kuishika, na unga huo usiupulize. Chumvi za shaba si kitu cha kuvuta puani.

Sasa fanya hivi. Nunua maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri yanayouzwa vituo vya petroli, lakini soma chupa vizuri uhakikishe ni maji na si asidi. Yatie kwenye kikombe cha glasi, weka sarafu ndani, badilisha maji kila siku kwa muda wa wiki moja au zaidi. Hii itatoa masalio ya ndimu na sehemu ya chumvi. Kisha ikaushe kwa kitambaa cha pamba bila kuisugua, iache juu ya karatasi mbele ya feni siku nzima, halafu ifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Weka vingi, vinne au vitano, na ubadilishe kila baada ya miezi miwili mitatu. Lengo ni hewa ya ndani ya kopo ishuke chini ya asilimia 40 ya unyevu. Hapo ugonjwa hulala. Kuuponya kabisa kunahitaji dawa za maabara, na hizo usizijaribu nyumbani.

Mafuta ya nazi, la. Namheshimu shangazi, na ushauri wake unatoka kwenye mapenzi. Lakini mafuta ya kupikia yana asidi zake, na yakikaa juu ya shaba hufanya utando wa kijani unaonata, unaokamata vumbi na unyevu. Ukwaju na majivu vinavyong'arisha vyombo vya shaba jikoni ni vivyo hivyo: kwa sufuria ni sawa, kwa sarafu ni msiba.

Nataka uelewe kwa nini, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Tunadhani kutu ni uchafu uliofunika sarafu, na kwamba tukiuondoa tutaikuta sarafu chini yake. Kwa shaba iliyozikwa mambo mara nyingi ni kinyume. Uso wa awali wa sarafu, ule uliogongwa muhuri, umekwisha kugeuka kuwa kutu. Shaba iliyobaki chini yake imeliwa, haina umbo. Herufi zimo ndani ya kutu yenyewe, hasa katika ule utando mwekundu-kahawia ulio chini ya kijani. Nilipokuwa mwanagenzi nilikabidhiwa sarafu moja ya namna hiyo, nikaiona chafu, nikaisugua kwa brashi ya waya hadi ikang'aa. Niliyempelekea aliitazama muda mrefu, kisha akaniuliza mwaka wake uko wapi. Mwaka ulikuwa ndani ya kile nilichokwisha kukifuta na kukimwaga kwenye sinki. Mpaka leo nikiona mtu ameshika ndimu na sarafu, moyo wangu hunienda mbio.

Basi tuje kwenye jina.

Umefanya vyema sana kuleta uzito na upana kabla ya kuniuliza herufi zinasema nini. Sarafu iliyosagika hudanganya macho, ila mizani ya sonara haidanganyiki kirahisi. Milimita 25 na gramu 6.1, duara kamili, unene sawa pande zote: hiyo ni sarafu ya mashine. Na vipimo hivyo vinafahamika. Robo ana, sarafu ndogo ya shaba ya India iliyotumika katika pwani yetu yote, ilitengenezwa kwa uzito wa gramu 6.47 na upana wa karibu milimita 25. Watawala na makampuni waliotengeneza sarafu zao za shaba upande huu wa bahari walifuata kipimo hicho hicho, ili sarafu mpya ikubalike sokoni pamoja na zile za India. Hata neno letu pesa limetoka huko, kwenye paisa. Yako imepoteza theluthi moja ya gramu kwa kusagika na kuliwa, jambo la kawaida kabisa.

Je, ni shaba kweli? Rangi ya waridi iliyotokea baada ya ndimu usiitumie kama ushahidi. Hata shaba ya manjano ikikaa kwenye asidi hugeuka waridi, kwa sababu asidi huondoa zinki na kuacha shaba nyekundu juu. Ushahidi ninaouamini ni lile jeraha la sururu ya baba yako ukingoni, katika picha ya kwanza: madini ya ndani ni mekundu. Ukitaka kujiridhisha, rudi kwa sonara. Mwombe aweke glasi ya maji juu ya mizani yake, aifanye isome sifuri, kisha uning'inize sarafu kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Kile mizani itakachosoma ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya 6.1 kwa namba hiyo. Ikiwa ni 0.70, utapata 8.7. Shaba safi ni 8.96, fedha ni 10.49, na kutu hushusha kidogo kwa sababu ni nyepesi kuliko madini. Ukipata kitu kati ya 8 na 9 hivi, fedha imetoka kwenye hesabu. Fanya kipimo hiki baada ya ile wiki ya maji, si kabla.

Jirani yako anasema Kilwa. Simlaumu kwa kusikia Kiarabu akaikumbuka Kilwa, lakini hii siyo. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ni ndogo na nyepesi zaidi, hazina umbo la duara kamili, na hazina picha yoyote: hakuna mizani, hakuna mnyama, ni maandishi tu pande zote mbili. Wala hazina mwaka. Ile ya Ali bin al-Hasan ina jina lake upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola mwenye neema, na pande hizo mbili zinafungana kwa vina kama mishororo ya shairi. Fikiria hilo: mtu wa pwani hii alibeba ubeti mfukoni kila alipokwenda sokoni. Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, imepatikana mbali kabisa, katika magofu ya Great Zimbabwe. Ndiyo maana watu wanazitamani, na ndiyo maana kila sarafu ya kijani yenye Kiarabu hupewa jina la Kilwa na anayeuza. Yako ina kitu ambacho Kilwa haikuwa nacho. Ina mizani.

Ile T yenye vibakuli viwili ni mizani: mkono wa juu, mhimili katikati, na vitanga viwili. Nayo ina ukoo wake. Ilianza kwenye sarafu za shaba za Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki kwa ajili ya Bombay, mwishoni mwa karne ya 18, ambako katikati ya vitanga waliandika kwa herufi za Kiarabu neno la uadilifu, adil. Ujumbe ulikuwa rahisi: uzito wa pesa hii ni wa haki, huna haja ya kuipima. Bombay waliendelea na mizani hiyo hadi miaka ya 1830. Kisha Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipotoa pesa zake za shaba aliweka mizani. Na Kampuni ya Imperial British East Africa ilipopewa pwani hii, ikatoa sarafu zenye jina la Mombasa lenyewe, mwaka 1888, nayo ikaweka mizani. Yule aliyeidondosha sarafu yako Kibokoni huenda mfukoni mwake alikuwa na zote tatu, na mwenye duka akazipokea kwa thamani moja.

Kwa hiyo upande wa mizani utakupa ukoo na mwaka, na upande wa pili utakupa mtoaji. Hizi za Bombay nyingi zina nembo ya kampuni yenye simba wawili waliosimama, mmoja kila upande. Simba akisagika hubaki kama nguzo mbili zilizopinda. Ya Barghash ina maandishi ya Kiarabu yaliyopangwa mistari, mmoja juu ya mwingine, yenye jina la Sultani. Ya Mombasa ina jua lenye miale na taji juu yake, na herufi za Kilatini. Hapa ndipo pa kuwa makini. Miale ya jua ikisagika na kuliwa na kutu, mtu akiitazama kwa haraka huona alifu na lamu, herufi ndefu za Kiarabu, nyingi zimesimama. Nimeona watu wazima waliosoma madrasa wakijaribu kuisoma.

Tofauti yake ni mwelekeo. Maandishi ya Barghash yanalala: ukivuta mstari kutoka ukingo hadi ukingo, utakuta misingi ya herufi imekaa juu ya mistari hiyo. Miale ya jua haina mstari, yote inatoka katikati na kutawanyika.

Ili uone hilo, ngoja usiku. Zima taa zote, funga dirisha. Weka sarafu juu ya kiberiti kilichowekwa juu ya kitambaa cheusi. Simu moja iwe ya kupiga picha, iegemeze kwenye vitabu ikitazama chini moja kwa moja. Simu ya pili iwe tochi, na tochi hiyo iweke chini kabisa, karibu ilale mezani, mwanga uparuze uso wa sarafu kama jua la magharibi linavyoparuza mchanga wa ufukweni na kuonyesha kila unyayo. Piga picha. Sogeza tochi kidogo, kama mshale wa saa unavyotoka kwenye moja kwenda mbili, piga tena, hadi uwe na picha kumi na mbili. Sarafu yenyewe usiigeuze. Utashangaa: herufi ambayo haipo mwanga ukitoka saa sita (nataja namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa), itasimama mbele yako mwanga ukitoka saa tisa. Nimefanya kazi hii kwa vifaa vya gharama, na bado sarafu nyingi zimenipa jina lao kwa tochi ya pembeni tu.

Sasa zile alama nne chini ya mizani. Ni mwaka wa Hijria, kwa tarakimu za Kiarabu. Pesa za Barghash zina 1299 au 1304. Ya Mombasa ina 1306. Zitazame kwa umbo. Moja ni mstari uliosimama peke yake. Mbili ni mstari wenye ndoano juu, na ndoano ina jino moja. Tatu ni hiyo hiyo yenye meno mawili. Tisa ni kama tisa yetu. Sifuri ni nukta. Nne ni kama tatu yetu iliyogeuzwa kutazama upande wa pili. Na sita, hii huwapoteza wengi, ni kama saba yetu. Kwa hiyo 1299 inamalizia kwa vichwa viwili vya duara vinavyofanana, na hata ikisagika utaona vimbe mbili za ukubwa mmoja. 1304 na 1306 zina nukta katika nafasi ya tatu, pengo dogo kabla ya tarakimu ya mwisho. Kugeuza Hijria kuwa Miladia kwa makadirio, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: 1299 itakupa 1882, 1304 itakupa kama 1887, na 1306 itakupa kama 1889, maana mwaka huo wa Hijria ulianza Septemba 1888.

Katika picha yako ya tatu, baada ya tarakimu mbili za kwanza naona nukta moja na nafasi wazi kuizunguka. Inaweza kuwa chunusi ya kutu, lakini imekaa pale pale sifuri inapotakiwa kukaa. Tarakimu ya mwisho imefunikwa na gamba. Katika picha ya nne, upande wa pili, naona angalau mistari miwili ya maandishi iliyolala, mmoja juu ya mwingine, na sioni kitu kinachotoka katikati. Nikiambiwa niamue leo, ningesema pesa ya Sayyid Barghash ya 1304, iliyotolewa mwaka mmoja hivi kabla ya kifo chake. Lakini karibu na ukingo, mahali pa saa nne, kuna miti miwili iliyosimama yenye kiungo cha mshazari kati yake. Ikiwa hiyo ni N au M, basi nimekosea, na unayo ya Mombasa. Usichokonoe gamba ili kujua. Mwanga utatuambia.

Mawili zaidi kuhusu mahali ilipotoka. Baba yako anakumbuka ilikuwa kina gani? Pamoja nayo kulikuwa na nini: vigae vya vyungu, vipande vya sahani za kaure, shanga, majivu? Mwulize leo, kabla kifusi hakijamwagwa kwingine, na uandike kwenye karatasi pamoja na mchoro wa chumba. Pesa za Barghash ni nyingi, kila sanduku la bibi lina mbili tatu, na yako ikiwa mezani peke yake haituelezi kitu kipya. Lakini pesa iliyokutwa chini ya sakafu ya chokaa ambayo haijavunjwa inatuambia kwamba sakafu ile haikumwagwa kabla ya mwaka ulioandikwa juu yake. Kwa nyumba za Kibokoni, ambazo nyingi hazina hati ya kusema zilijengwa lini, huo ni ushahidi mkubwa sana, na hakuna mnunuzi atakayekuuliza habari hiyo.

Na pili, sheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895, isipokuwa vitabu na hati. Pesa ya 1304 imo, na ya 1306 imo. Anayegundua kitu cha aina hiyo ardhini anatakiwa atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, aseme kilipatikana wapi na vipi, na akikabidhi. Siku zako saba zimepita, lakini nenda tu, pale Fort Jesus ni mwendo wa dakika chache kutoka kwenu. Nenda na baba, na mchoro wa chumba, na sarafu ikiwa kwenye kopo lake kavu. Waambie pia kuhusu ndimu na unga, wasikie kwako. Wao ndio wenye dawa za kuutibu. Jirani mwambie kwa heshima kwamba haiuzwi.

Kabla hujaipeleka, nipigie picha mbili tu za mwanga wa pembeni: moja ya chini ya mizani, tochi ikiwa saa tatu, na moja ya ule ukingo wa saa nne upande wa pili, tochi ikiwa saa kumi. Tarakimu ya mwisho ikitoka kama tatu iliyogeuzwa, ni Unguja. Ikitoka kama saba, ni Mombasa.